Wasimuliaji wa Picha za Usiku

Juzi tulikuwa matangani huko Kalundu. Usiku ulikuwa umekwenda sana, rozari imekwisha, chai imekwisha, na wanaume waliobaki kuzunguka moto walikuwa hawana neno tena. Ndipo mmoja wao, baba wa watoto sita na mwimbaji wa kwaya, akakaza koo akasema kwa sauti nzito: “Mabibi na mabwana, mwenye moyo mwepesi na atoke sasa, maana mlango naufunga!” Wote wakacheka, hata wafiwa. Hakuna aliyeuliza hiyo ilikuwa sauti ya nani.

Ilikuwa sauti ya yule kijana aliyekuwa akitusimulia picha za kutisha katika nyumba ya video, miaka ile ya baada ya vita vya 1996 na vya 1998. Tangu hapo hadi majogoo yalipowika hatukuzungumza jambo jingine. Na neno lililorudiwa na wengi ni hili, kwamba picha za kutisha za siku hizi hazitishi wala hazichekeshi, kwa sababu hakuna tena mtu wa kusimama kati yetu nazo. Neno hilo tumelifikiri sana, na tumeona inafaa kulipima katika ukurasa huu. Maana hamu ya mambo ya zamani ni kama ndagala waliokauka vizuri: harufu yake yaita toka mbali, lakini mama wa nyumbani huwachambua hata hivyo kabla ya kupika, autoe mchanga.

Kwa ajili ya wasomaji wasioijua kazi hiyo, tueleze kidogo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao na mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mbele kulikuwa na televisheni moja juu ya meza ndefu, nyuma jenereta iliyonguruma kama trekta. Picha zilikuwa za Kiingereza, za Kihindi au za Kichina, na sisi wa mabenchini tulijua Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kirundi na Kifaransa kidogo cha shule. Basi kijana yule, ambaye mchana alitengeneza redio, jioni aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi. Alipunguza sauti ya picha, akasema yeye. Alisema sauti ya mwanamume na ya mwanamke, ya mzimu na ya mbwa. Yale aliyoyaelewa aliyafasiri, na yale asiyoyaelewa aliyatunga, nasi hatukujua tofauti. Zimwi lilipojificha nyuma ya mlango, alituambia mapema: “Mwaona? Msichana huyu hakusikia ushauri wa mama yake.” Na hofu ilipozidi, alimtafuta mtu mmoja gizani akamwita: “We wa Kavimvira, mbona umepanda juu ya benchi?”

Watu wengi hudhani jambo hili lilizaliwa nchini mwetu kwa umaskini wetu. Si hivyo. Wajapani, zamani za senema isiyo na sauti, walikuwa na wasimuliaji waitwao benshi, waliosimama kando ya kitambaa na kusema maneno ya waigizaji wote. Benshi hodari aliweza kupendwa kuliko picha yenyewe, na kazi yao ikafifia katika miaka ya 1930, picha zilipoanza kusema zenyewe. Na hapa Kongo, kabla ya Uhuru, Mapadre walipozungusha senema kutoka misioni hadi misioni, kitambaa cheupe kikatundikwa mbele ya kanisa, alihitajika mtu wa kueleza kwa lugha ya mahali. Mara padre mwenyewe, mara katekista au mwalimu. Mapadre wa Scheut walitengeneza hata picha za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Mapadre Weupe nao wakawa na kazi yao iliyoitwa Africa Films huku kwetu Kivu. Wazee waliouona wakati huo husimulia zaidi vichekesho vya mwelezaji kuliko picha.

Lakini haifai tujisifu mno kwa ajili ya habari hiyo. Serikali ya Kibelgiji ilimkataza Mwafrika kutazama picha zisizopasishwa kwa ajili yake, kana kwamba Mzungu peke yake ndiye awezaye kuona bastola kwenye kitambaa asiende kuiba bastola. Mwelezaji wa misioni, hata akiwa mcheshi namna gani, aliwekwa pale kwa sehemu ili sisi tusielewe vibaya. Yule kijana wa redio hakuwekwa na mtu. Aliwekwa na watu wa mabenchini waliolipa, na siku wasipopendezwa walimzomea. Tofauti hiyo si ndogo, nasi tutairudia.

Tarehe 8 Septemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII alitoa barua yake *Miranda Prorsus* juu ya senema, redio na televisheni, akitaka watazamaji wafundishwe kupima wanayoyaona, siyo kuyameza tu. (Mwaka uliofuata, 1958, Mtakatifu Klara wa Asizi akatangazwa kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa alipokuwa mgonjwa kitandani aliona ukutani Misa ya Noeli iliyokuwa ikiadhimishwa mbali naye. Yeye, kwa neema, hakuhitaji msimuliaji.) Mwaka huohuo wa 1957, huko Marekani, kampuni ya Screen Gems iliviuzia vituo vya televisheni fungu la picha 52 za zamani za kutisha: maiti zinazofufuka, wanyonya damu, watu wanaogeuka mbwamwitu. Zilikuwa kuukuu na nyingine hafifu, zikionyeshwa saa za usiku wakati watu wenye akili wamelala. Ili watu wasizime, kila mji ukamtafuta mtu wake wa kuzikaribisha. Los Angeles walikuwa wametangulia: mwaka 1954 mwanamke mmoja, Maila Nurmi, alijiita Vampira, akavaa nguo nyeusi na kuwakaribisha watazamaji kwa yowe. Philadelphia na kisha New York walikuwa na John Zacherle, aliyejipaka rangi ya maiti na kujiingiza katikati ya picha kwa mzaha. Cleveland, tangu mwaka 1963, walikuwa na Ernie Anderson aliyejiita Ghoulardi. Huyo alizicheka picha zenyewe waziwazi, na zaidi aliwacheka watu wa Parma, kitongoji cha mji ule. Chicago walikuwa na Svengoolie, na jina hilo limepokezanwa kama ufundi wa ukoo.

Leo Wamarekani wenye mvi huwalilia watu hao kwa hamu kubwa. Mwanzoni tulishangaa. Je, mtu mzima aweza kumlilia yule aliyekuwa akimkatiza picha? Lakini tukakumbuka Kavimvira, tukaelewa. Watu wa Cleveland hawakuipenda ile picha, maana picha ile ile ilionyeshwa kila mji. Walimpenda mtu aliyeijua Parma. Picha ilitoka mbali, kicheko kilitoka nyumbani. Hilo ndilo jambo la msingi katika kazi hii yote, iwe ni ya mwanamke mwenye nguo nyeusi kule Los Angeles au ya fundi redio katika kibanda cha mabati karibu na mto Mulongwe.

Katika nchi za jirani kazi hii imekua ikawa na mabingwa wake. Kampala huwaita wasimuliaji hao kwa kifupi VJ, na mmoja wao, VJ Emmie, husikika akipiga kelele za furaha katika picha ya mwaka 2010 iliyotengenezwa mtaani Wakaliga, *Who Killed Captain Alex?*, hata mtu asiyejua Kiingereza wala Kiganda hufurahi. Kenya wanamjua DJ Afro. Tanzania, aliyewatangulia wengine kwa sifa ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye wote humwita Lufufu. Huyo alirekodi sauti yake juu ya kanda, na kanda zikauzwa. Mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, aliona kazi yake inastahili kuchunguzwa, na mwaka 2013 akaandika makala nzima juu ya namna Lufufu alivyoisimulia upya kwa Kiswahili picha moja tu ya Nijeria, *Karishika*. Na picha hiyo, kumbe, ndiyo tutakayoitolea hesabu hapa chini.

Kwanza lakini tuseme juu ya picha nyingine, kwa maana inahusu maji yetu wenyewe.

Kila mtu wa pwani hii ya kaskazini amesikia habari za Gustave, mamba wa Ruzizi na ziwa letu, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyekaa Burundi miaka mingi. Wapo wasemao aliua watu 200, wengine 300. Mtu wa kuhesabu hakuwapo. Faye alitengeneza kizimba kikubwa cha chuma ili amnase, na mwaka 2004 jaribio hilo likaonyeshwa katika picha ya habari. Mamba hakuingia kizimbani. Mwaka 2007 Wamarekani wakatunga juu yake picha ya kutisha, *Primeval*, iliyoongozwa na Michael Katleman. Matangazo yake kwao yalimtaja muuaji wa watu wengi bila kusema kuwa ni mamba. Hadithi yenyewe ni ya waandishi wa televisheni wanaotumwa Burundi kumtafuta, na huko wanakutana pia na mkuu wa wanamgambo anayejiita Gustave Mdogo. Picha yote ilipigwa Afrika Kusini.

Siku ilipofika Uvira nyumba ya video ilijaa hata watu wakasimama nje. Msimuliaji wetu alikuwa ameitazama mchana peke yake, kama alivyozoea, lakini usiku ule alianza vibaya. Picha hufunguka kwa kaburi la pamoja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanachimbua mifupa ya waliouawa vitani. Kisha mwanamke mmoja Mzungu miongoni mwao anakamatwa na mamba, na hapo ndipo Marekani inaamka. Yule kijana, ambaye hatukupata kumsikia amenyamaza hata dakika moja, alinyamaza. Tulisikia jenereta. Tulisikia Kiingereza cha picha, chembamba, kwa kuwa sauti ilikuwa imepunguzwa. Mabenchini walikuwapo watu waliovuka Ruzizi kwa miguu, wengine zaidi ya mara moja, na waliowaacha watu wao ng'ambo. Mwishowe akasema polepole, bila kipaza sauti: “Hapa sina maneno. Ngojeni mamba.”

Mamba alipofika, msimuliaji alirudi na nguvu zake zote. “Ndugu zangu, wanasema hii ni Ruzizi! Nionyesheni basi milima ya Mitumba! Nionyesheni mwanamke mmoja mwenye kapu la mikeke!” Mamba alipokimbia nchi kavu kama pikipiki, akatuambia mnyama huyo amenyweshwa petroli. Na yule mpiga picha mweusi wa Marekani alipoliwa, alipaza sauti akiuliza kwa nini katika kila picha ndugu yetu huyu lazima afe wakati Mzungu akirudi nyumbani, na watu wakapiga benchi kwa ngumi. Hapo, bila kujua jina la kazi aliyokuwa akiifanya, alikuwa mhakiki. Alihakiki pale palipostahili. Picha ile imechukua maiti wa vita vya nchi hizi ikawafanya chambo: yasemwa mamba alionja nyama ya watu kwa sababu ya maiti waliotupwa mtoni. Kwa mtazamaji wa mbali hiyo ni kiungo tu cha mchuzi. Sisi twasema kwamba *Primeval* ni picha mbaya. Si kwa sababu mamba wake ni wa kompyuta, bali kwa sababu imetaka tuogope mnyama baada ya kutuonyesha kaburi, kana kwamba kaburi halikutosha. Msimuliaji wetu alilijua hilo kwa kunyamaza, na katika usiku wote tulioketi mbele yake, huo ndio tunaoukumbuka kwa heshima kubwa kuliko yote.

Sasa *Karishika*. Ni picha ya Nijeria ya miaka ya 1990, iliyoongozwa na Christian Onu. Ibilisi anamtuma duniani mwanamke wa jina hilo, mzuri wa sura, ili awapotoshe watu na kuwapeleka kwake. Kuna moto, nyoka, meno makubwa na pembe zilizobandikwa kichwani. Kwa ufundi, ni kazi duni. Kwa nguvu, hatujui picha nyingine iliyoingia hivyo katika vinywa vya watu kuanzia Dar es Salaam hadi Kinshasa. Jina lenyewe likawa tusi. Mwanamke aliyejipamba ni Karishika. Mke wa pili ni Karishika. Mjane anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kukausha ndagala, huyo naye ni Karishika.

Katika mtaa wetu alikuwapo mjane wa namna hiyo. Siku mbili baada ya picha kuonyeshwa watoto walimkimbia njiani wakilitaja jina hilo, na mmoja akarusha jiwe. Mzazi mmoja, badala ya kumchapa mtoto, alianza kuuliza-uliza jinsi mume wa mama yule alivyokufa. Tunaandika haya tukijua vizuri mambo hayo huishia wapi. Shirika la Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2006 juu ya watoto wa mitaani nchini mwetu lilieleza jinsi watoto walivyofukuzwa majumbani na kupigwa kwa kusingiziwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto ilibidi iweke adhabu kwa ajili ya kosa hilo hasa. Na mwaka 2021, hapa hapa Kivu ya Kusini, upande wa Kalehe, wanawake waliosingiziwa uchawi waliuawa na watu wenye hasira, wengine kwa kuchomwa moto.

Jioni iliyofuata ile ya jiwe, msimuliaji alisimamisha picha katikati. Wengi walipiga miluzi. Akasema: “Ngojeni kwanza. Nimesikia mama fulani ni Karishika. Mimi nakula ndagala wake tangu mwaka juzi, na deni lake sijalipa. Kama yule mama angekuwa na uwezo wa kuua mtu kwa usiku, ninyi leo mngesimuliwa na nani?” Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Kesho yake mama yule alipita na kapu lake, na watoto wakamwambia kwa adabu: “Bibi, yule wa video asema atakulipa.” Hatusemi kwamba uchawi ulikwisha Uvira. Twasema jiwe la pili halikurushwa.

Msomaji atauliza, je, kicheko hicho kilimpunguzia Shetani heshima inayomfaa, yaani hofu? Kanisa halifundishi kwamba Shetani ni mchezo. Lakini halifundishi pia kwamba amekaa katika kapu la jirani. Mitume walipokuwa chomboni usiku, upepo ukiwapinga, walimwona mtu akitembea juu ya maji wakadhani ni mzuka, wakapiga kelele. Wavuvi wa Kalundu huielewa habari hiyo kuliko wahubiri wengi. Na Bwana hakuwaacha na ile picha waliyoiona. Aliwasemesha mara moja, wakaijua sauti yake.

Tatizo ni kwamba *Karishika* ilipata wasimuliaji wa namna nyingine pia. Katrien Pype, mtaalamu wa Kibelgiji aliyekaa na waigizaji wa televisheni wa Kinshasa na kuandika kitabu juu yao mwaka 2012, ameonyesha jinsi michezo na picha za aina hii zilivyofungamana na makanisa ya uamsho: mchungaji huonekana ndani ya mchezo na nje yake, na uchawi ulioigizwa huchukuliwa kama ushuhuda. Huyo naye ni msimuliaji. Naye ana kipaza sauti, naye huieleza picha ya watu wengine kwa lugha ya nyumbani, naye huijua mitaa na majina. Yule wa kibandani husema: “Tazameni, pembe zimebandikwa kwa gundi.” Huyu husema: “Tazameni, ndivyo zilivyo.” Wala tusiwanyoshee kidole wengine peke yao. Wapo Wakatoliki wa parokia zetu waliotoka Misa ya kwanza wakaenda mchana kuulizia kwa mwaguzi ni nani katika nyumba anayewala. Kwa hiyo wale wazee wa matangani wanaosema “hakuna tena msimuliaji” wamekosea. Wapo tele, ila wale waliobaki na sauti kubwa ni wale wasiocheka.

Tungependa kuishia hapa, msimuliaji wetu akiwa mshindi. Lakini tulisema tutatoa mchanga.

Kulikuwa na usiku mwingine, ambao pale Kalundu hakuna aliyeutaja, ingawa tuliokuwapo motoni tulikuwa tumeuona wote. Picha ilikuwa ya Kizungu, jina tumelisahau, yenye zimwi refu linalotoka msituni kuiba ng'ombe na kisha watoto. Msimuliaji alitafuta jina la kulipa, kama alivyofanya siku zote, akalipa jina la kabila la jirani zetu. Watu walicheka mno. Akaendelea: akaiga matamshi yao, akaiga jinsi wanavyosalimiana. Kila zimwi lilipojeruhiwa nyumba ilipiga makofi, nasi pia tulipiga. Kijana mmoja wa kabila lile, aliyekaa benchi la tatu, mwanafunzi mwenzetu wa zamani, aliondoka katikati ya picha. Hakurudi tena nyumba ile, wala hatukumfuata kumwambia neno. Katika wilaya hizi, ambako jina la kabila limetosha mara ngapi kumpeleka mtu kaburini, mchezo wa namna hiyo si mchezo.

Ni kipaji kile kile, na hapo ndipo ugumu wake. Kuijua Parma, kuijua Kavimvira, kuileta nyumbani picha ya mbali, ndiyo nguvu ya kazi hii, na ndiyo iliyomwokoa mjane na kumfukuza yule kijana. Mwelezaji wa misioni alikuwa na padre wa kumsikiliza; wa kibandani alikuwa na sisi. Alitupima kwa kicheko chetu, na kicheko chetu kilimwambia aendelee. Hatuwezi kusema alitupotosha. Kama mmoja wetu angezomea, angeacha. Alikwisha kuzomewa kwa makosa madogo zaidi, kama vile kumwua mwigizaji wa Kihindi kabla ya wakati wake. Tunapomkumbuka kwa hamu, tunajikumbuka sisi pia tukiwa vijana mabenchini, na hapo hatupendi kukumbuka yote.

Nyumba ya video ilikuwa imekwisha kufungwa mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, ukabomoa maelfu ya nyumba za mji na kuua watu. Mahali pake leo ni mawe. Vijana hutazama picha katika simu, kila mmoja na yake, vipulizi masikioni. Wengi wanatazama zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kwa maana wasimuliaji wa Tanzania na Kenya hurekodi na kazi zao hufika kokote. Wengine ni hodari sana, kwa ulimi wamempita mtu wetu. Lakini msimuliaji aliyerekodiwa Dar es Salaam hajui kwamba mtoto wa benchi la mbele analia, wala kwamba nyumba ya pili kuna mjane. Na ukimzomea hasikii. Kwa maoni yetu hicho ndicho kilichopotea kweli, wala si picha wala sauti nzito: ni ile hali ya msimuliaji na wasikilizaji kuonana uso kwa uso, hata kesho yake sokoni akiwa na deni la ndagala.

Vijana wa parokia yetu wamepata mashine ya kuonyeshea picha, nao huonyesha ukumbini Jumapili jioni. Mara ya mwisho umeme ulikatika katikati, kama kawaida, na watoto wadogo wakaanza kulia gizani. Kabla mtu hajapata taa, sauti ya mama mmoja wa Legio ilisikika kutoka nyuma, nzito kabisa: “Mabibi na mabwana, mwenye moyo mwepesi na atoke sasa!” Kisha akaanza kuisimulia picha iliyosalia kutoka kichwani mwake, ingawa hakuwa ameiona kamwe. Mtoto mmoja akamkatiza: “Mama, uongo! Simba alikuwa mmoja!” Akajibu: “Ulimhesabu wewe? Haya, alikuwa mmoja. Endelea wewe basi.” Mtoto akaendelea.